Pipa la Saba na Ulimi wa Bi Randa

Kwa miaka tisa, wifi yangu alinyimwa kiti kwenye meza ya kuonjea bia aliyoilea yeye mwenyewe. Nasema aliilea kwa sababu sina neno lingine la haki. Mpishi huipika bia nyeusi kwa siku chache, huimimina ndani ya pipa la mbao, kisha huenda zake. Miezi kumi na minne inayofuata ni kazi ya pipa, na pipa ni kazi ya wifi yangu. Hata hivyo, mpishi mkuu wa kiwanda alikwisha kutoa hukumu mbele yetu sote: "Mtu anayeshinda kwenye moshi na vumbi la mbao hana ulimi. Ana msasa mdomoni." Tulicheka. Nami, mwenye shahada ya kemia na kiti cha kudumu kwenye meza hiyo, nilicheka. Sijajisamehe hadi leo.

Kiwandani wanamwita Bi Randa. Karakana yake iko nyuma ya chumba cha kuoshea chupa, mlango wa bati, dirisha moja lisilofungika vizuri. Humo ndimo anamozikunja mbao kwa mvuke, akazibana kwa pete za chuma, akawasha moto mdogo ndani ya pipa tupu na kulizungusha mpaka tumbo lake lote liungue sawasawa. Kabla ya hayo yote, huonja. Hukwangua kila ubao, akatafuna maranda yake taratibu huku amefumba macho, kisha akautia alama ya chaki. "Huu bado mbichi, unauma pembeni mwa ulimi," atasema, na ubao utarudi nje kunyeshewa mwaka mwingine. Kaka yangu, mumewe, hulalamika kwamba nyumbani kwao hakuna mwiko ambao haujatafunwa.

Pipa la saba lilipasuka vifuniko vyote viwili. Mapipa yetu yote ni ya mwaloni, na mbao za mwaloni zilizokauka zilikuwa zimekwisha. Bi Randa alikuwa na mbao za mpera, alizozihifadhi darini kwa miaka mitatu tangu mti ulioanguka nyuma ya ukuta ukatwe vipande. Alizitafuna. Akatabasamu. Akatengeneza vifuniko vipya, akaviunguza, akaenda kumwomba mpishi mkuu ruhusa ya kulijaza pipa hilo.

"Jaza," mpishi mkuu alimjibu. "Lakini ikiharibika, bibi, karakana yako naigeuza stoo, na tutanunua matangi ya chuma."

Hakuwa akitania. Barua ya kuagiza matangi ilikuwa tayari mezani pake, ikingoja saini ya mama mwenye kiwanda.

Miezi kumi na minne ikapita. Jumatatu moja, saa nne asubuhi, tuliketi kuonja: mama mwenye kiwanda, mpishi mkuu, wasaidizi wake wawili na mimi. Bi Randa alikuwa amelizibua pipa kwa nyundo yake, akabaki amesimama mlangoni, aproni imejaa masizi. Glasi zilikuwa zimetiwa bia tangu alfajiri na kuwekwa kwenye chumba cha baridi, kama tulivyozoea kuifanyia bia yetu nyepesi. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza kwa nini.

Nilionja. Baridi iliniuma meno, na nyuma yake ukaja uchungu mtupu, mkavu.

"Kama kunyonya penseli," alisema msaidizi wa kwanza.

"Penseli ina ladha," alidakia wa pili.

Mpishi mkuu aliisukuma glasi yake mbali. "Basi. Mwageni pipa zima. Mama, ile barua nakuletea sasa hivi."

"Hamwagi mtu hapa!" Sauti ilitoka mlangoni. Bi Randa alikuwa amekwisha kuingia, nyundo mkononi. "Mnaionja imekufa ganzi, halafu mnailaumu haisemi?"

"Bi Randa, hii ni meza ya—" alianza mpishi mkuu.

"Najua ni meza ya nani, miaka tisa naipangusa. Wifi, shika glasi yako. Kwa mikono miwili. Sivyo hivyo, unaishika kama inakung'ata! Ikumbatie."

Niliikumbatia. Mama mwenye kiwanda alinitazama, akaichukua yake akafanya vivyo hivyo. "Nasi tuifunike na shuka kabisa?" aliuliza, akijizuia kucheka.

"Ukiwa nalo, mama, lilete."

Basi tukakaa, watu wazima watano wenye vyeo, tumekumbatia glasi kama vifaranga walionyeshewa mvua. Mpishi mkuu alikuwa wa mwisho kuishika yake, akiangalia dari. Dakika kumi hazikuisha kabla harufu haijaanza kupanda. Kwanza niliidhania ya glasi ya jirani. Ilikuwa yangu! Kahawa iliyokaangwa punde, halafu sukari guru inayochemka, halafu kitu cha waridi, kitamu, ambacho pua yangu ilikifahamu kabla akili haijakipata: pera lililoiva, lililosahauliwa kwenye chumba chenye joto. Nilikunywa. Ule uchungu ulikuwepo bado, ila sasa ulikuwa na mahali pa kusimama; moshi uliubeba, utamu ukaufuata, na ladha ya mbao ikabaki nyuma ya ulimi muda mrefu baada ya kumeza, laini kama kitu kilichopigwa randa. Nilisimama bila kukusudia.

"Ala!" alipaza sauti msaidizi wa kwanza. "Ala, ala! Ni ileile?"

"Ni ileile, penseli yako," alisema Bi Randa.

Mama mwenye kiwanda aliimaliza glasi yake na kumpokonya msaidizi wa pili ya kwake. Sote tukamgeukia mpishi mkuu. Alikunywa funda dogo, akanywa jingine kubwa. Masikio yake yalikuwa mekundu.

"Umetia nini humu?" aliuliza, sauti imeshuka.

"Mimi nimetia mbao. Barafu umetia wewe."

Meza ililipuka kwa kicheko, na safari hii nilijua ninachokichekea. Mama mwenye kiwanda alinyoosha mkono juu ya meza. "Nipe hiyo barua," alimwambia mpishi mkuu. Alipopewa aliikunja mara nne, akaiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa ukicheza siku zote. Kisha akamwuliza Bi Randa mbao za mpera zimebaki ngapi.

"Za vifuniko vinne. Na mti mwingine najua ulipo."

Bia ya pipa la saba ilitiwa chupani tarehe 11 Machi 2019, na lebo yake ilikuwa na majina mawili, la mpishi na la fundi wa pipa, kwa herufi za ukubwa mmoja. Tangu siku hiyo meza ya kuonjea ina viti sita.