Machozi ya Baba Siku ya Ubingwa

Hadi leo, magari yakipiga honi kwa pamoja, hata yakiwa ya harusi, mimi humkumbuka Baba.

Tulikuwa tukikaa Parkdale, mtaa mmoja wa Toronto: Baba, Mama, Bibi mzaa baba, na mimi, binti wa miaka minane. Timu ya besiboli ya Toronto ilikuwa ikiwania ubingwa kwa mwaka wa pili mfululizo. Bibi alisema hajapata kuona wanaume wazima wakilipwa kusimama na kutema mate. Baba aliupenda mchezo ule, hata akamtumia Baba Mdogo, ndugu yake aliyebaki Bujumbura, kofia ya bluu ya timu. Baba Mdogo akatutumia picha ameivaa kanisani, mchungaji akimkodolea macho.

Wiki ile wanajeshi walikuwa wamemuua rais kule kwetu. Baba alikuwa habanduki kwenye redio, mimi sibanduki kwenye televisheni. Mchezo ulipokaribia kwisha, simu ikalia. Baba alisikiliza tu, kisha akaiweka chini taratibu. Bibi akauliza ni nani.

"Mtu wa kazini," Baba akasema. Akamtazama Mama, na Mama akaenda kukaa karibu na Bibi.

Mara mpira ukapigwa, ukapita juu ya ukuta. Tumekuwa mabingwa! Nje honi zikaanza. Baba, ambaye hakuwahi kunitoa nje usiku, akanivisha koti, akanibeba mabegani hadi barabara kubwa. Pale katikati ya umati akaangua kilio, mabega yakitikisika chini yangu. Mzee mmoja wa Kizungu, naye machozi yakimtoka, akamkumbatia. Nilijivuna kwelikweli, maana hakuna baba aliyeipenda timu kama wangu.

"Baba, umefurahi sana?"

"Ndiyo, mama. Tumeshinda."

Asubuhi nilikuta sebule imejaa watu wa kanisani, wameketi chini, na Bibi katikati yao akiliita jina la Baba Mdogo. Kwetu mzazi hapewi habari ya kifo cha mwanawe akiwa hana watu wa kumshika. Husubiriwa kupambazuke, wenzake waje, ndipo aambiwe. Nilimhurumia Bibi, nikadhani na Baba ndiyo kwanza amesikia.

Nilikuwa mtu mzima, nina watoto wangu, nilipoikumbuka ile simu. Nyumba yetu ilikuwa ndogo na kuta zake nyembamba. Usiku ule mji mzima ulikuwa ukipiga kelele, na hapo tu ndipo Baba angeweza kumlilia ndugu yake bila mama yake kusikia.