Visanduku Vinne na Josho la Mugeta

Jamani, tangu juzi siingii ofisi ya walimu bila mtu kuniuliza, "Mama mkwe hajambo?"

Ninafundisha darasa la tano hapa Nyasura, Bunda. Ili watoto waelewe wanachosoma, huwa nawachorea visanduku vinne ubaoni: nani, wapi, tatizo, suluhisho. Siku ya kwanza niliwapa mfano wa kweli, nilivyotumbukia kwenye josho la ng'ombe ukweni, Mugeta. Walicheka mpaka machozi. Nikajiona profesa.

Juzi akaja mkaguzi wa shule, pamoja na mwalimu mkuu. Mkaguzi akawagawia hadithi mpya ya mama muuza dagaa wa Mukendo, akawaambia wachore visanduku vyake. Watoto wakamaliza kabla sijakaa. Nikavimba kichwa: "Hawa huwaga hawashindwi, mheshimiwa!"

Mkaguzi akamsimamisha Nyamburi. "Haya, nani?"

"Mwalimu wetu."

Nikakohoa.

"Wapi?"

"Ukweni, Mugeta."

Nikakohoa tena, kwa nguvu. Nyamburi akadhani nampa moyo.

"Tatizo?"

"Alitumbukia kwenye josho, suruali ikachanika yote."

Mkaguzi akaweka kalamu chini, akanigeukia taratibu. "Na suluhisho?"

Darasa zima likaitikia: "Akarudi Bunda amevaa gauni la mama mkwe!"