Asmini ya Ukuta wa Jiko

Mama alikuwa mtu wa Kirando, kwenye joto la Ziwa Tanganyika. Alipoolewa akapanda kuja Sumbawanga, alibeba kijiti cha asmini ndani ya kopo, akakipanda nyuma ya jiko letu la nje, mahali asipofika mgeni. Kikawa kichaka.

Wazazi wetu walipofariki niliacha shule darasa la sita, nikalea wadogo zangu watatu. Mziwanda hakumbuki sura ya mama. Alichobaki nacho ni harufu ile. Maua yakichanua, viazi vyote vya nyumbani alivimenyea nyuma ya jiko.

Mwaka juzi tulipaka nyumba rangi. Nikaona kichaka kizuri vile hakistahili kukaa na majivu. Mwezi wa tano nikakichimba, nikakihamishia mbele, karibu na mlango. Juni ukaja upepo wetu wa baridi wa Ufipa. Majani yakawa meusi kama yaliyobabuliwa. Mziwanda akaokota moja, akalinusa.

"Dada, imekufa?"



Asubuhi akapita jirani yetu, mama mtu mzima anayelima ulezi. Nikamwamkia, "Shikamoo mama."

"Marahaba," akajibu akikitazama kile kichaka. "We mtoto, mtu wa ziwani unamtoa motoni, unamlaza nje bila blanketi? Mama yako angekuchapa!"

Nilicheka, lakini alipoondoka nilikwenda kuweka kiganja kwenye ukuta wa jiko, upande wa mafiga. Matofali yalikuwa na vuguvugu mpaka nje. Ndipo nikajua kwa nini mama alichagua pale.

Karibu na shina palikuwa bado na ukijani. Nikakata vijiti, kila kimoja chini ya fundo linapotokea jani, nikavichomeka kwenye makopo ya mchanga na samadi iliyooza, nikayapanga kwenye ukuta ule. Nilimwagilia asubuhi tu, kwa maana maji ya jioni hulala na baridi. Vingi vilioza. Mziwanda akataka kung'oa vilivyobaki aone kama vina mizizi.

"Mzizi hauchunguliwi," nikamwambia. "Utatoka."

Mvua za kwanza zilikuta vitatu vimechipua. Viwili nilimpelekea jirani, maana sasa najua asmini haifai kukaa nyumba moja tu. Cha tatu nilikirudisha kwenye shimo alilochimba mama nyuma ya jiko, na leo kinanifika kifuani.

Siku kilipochanua, mziwanda aliinama, akavuta pumzi.

"Ndiyo yenyewe," akasema, akavuta beseni la viazi.