Utambi wa Birika

Shemeji yangu ni fundi cherehani, na kwa jinsi alivyokuwa akivuta sigara, nguo alizoshona zilijulikana kwa pua kabla ya kujulikana kwa macho. Bibi harusi mmoja alilianika gauni lake kwenye kamba siku nzima ndipo akathubutu kulivaa. Shemeji alipopata habari hizo alicheka, akasema hiyo ndiyo nembo ya duka. Mimi nashona naye chumba kimoja, cherehani yangu imepakana na yake, na kwa kuwa yeye ni mume wa dada yangu nina ruhusa kamili ya kumsema. Nilimsema mpaka mdomo ukachoka, sikufua dafu.

Aliyemweza ni binti yake. Alijifungua mtoto wa kiume kabla ya siku zake kutimia, kifua chake dhaifu, na daktari akamwonya moshi usimkaribie. Siku moja akapiga simu, dada akaweka spika ili tusikie wote.

"Baba, nakupenda na unajua. Lakini mtu anayenuka sigara hamshiki mwanangu. Hata awe babu yake."

Shemeji alikuwa anakunja pindo la suruali ya mteja. Aliendelea kukunja, akakunja tena, mpaka suruali ikawa kaptula. Nadhani hiyo ndiyo mara ya kwanza kumhurumia.

Basi akanunua sigara ya umeme. Ni kibomba cheusi chenye betri, na kichwani mwake kuna koili ya waya iliyopitishwa pamba, na pamba hiyo inalowana maji mazito yenye harufu ya vanila. Ukibonyeza kitufe waya unapata moto, maji yanageuka mvuke, mwenyewe anavuta. Dada alipouona mvuke ukimtoka mumewe puani, alitoa jina papo hapo.

"Hiyo si sigara, hilo ni birika. Kalichemshie uani."

Kwanza likawa jina la mashine, halafu likawa jina la mwenye mashine. Wateja nao wakalidaka: "Birika, suruali yangu tayari?" Yeye hakujali, kwa sababu sigara aliacha kweli. Nguo zikaanza kunuka nguo. Mjukuu naye akapata nguvu, akanenepa, na binti akatuma habari kwamba Jumamosi anamleta. Jamani, furaha ya mtu yule! Alijishonea shati jipya, kisha kwa mabaki ya kitambaa kile kile akashona kishati kidogo chenye mfuko, kola na vifungo vyake, wakati mwenye kukivaa hajui hata kuketi, akakituma kwa binti.

Katika wiki hiyo hiyo birika likagoma. Koili huchakaa, na ikishachakaa kila mvuto ni uchungu mtupu. Alikwenda kwenye duka alilozoea kununua vichwa vipya, akamkuta mwenye duka sasa anauza viatu.

"Vichwa sina tena," muuzaji alimwambia huku akimpimisha mama mmoja kandambili. "Nimebakiwa na waya tu. Wenzako wanajitengenezea nyumbani, kaka. Unauzungusha, unapitisha pamba, umemaliza."

Shemeji alirudi na waya wake kifua mbele. "Nimewahi kupunguza gauni likiwa mwilini mwa bibi harusi, na gari linamsubiri nje. Kawaya haka kataniweza?"

Ijumaa baada ya kazi alitandaza vitu vyake uani. Dada alikuwa kando anasafisha jiko lake la mafuta, mimi nimekaa katikati yao nikila karanga na kungojea vituko. Lakini lazima niseme ukweli, mwanzo alitia fora. Alichukua sindano ya kushonea magunia, akauzungusha waya juu yake pete kwa pete, akaichomoa, ikabaki springi ndogo ya kupendeza. Akazibana ncha zake kwa bisibisi ya cherehani. Alipobonyeza kitufe waya uliwaka upande mmoja tu, akaupapasa kwa kibano hapa na pale, mpaka wekundu ukaanzia katikati na kusambaa sawasawa. Nilipiga makofi, karanga zikamwagika.

Ikaja zamu ya pamba. Alimega kipande, na mikono yake ikafanya jambo ililolizoea maisha yake yote: alilamba vidole, akaisokota ncha mpaka ikachongoka, akaipitisha kwenye koili kama anatunga uzi, kisha akaisokota yote, ngumu, kavu, safi kabisa. Akadondoshea maji ya vanila. Akavuta.

Macho yalimtoka. Alikohoa mpaka jirani akatoa pole kutoka upande wa pili wa ukuta. Pamba ilikuwa inaungua ndani, na maji yanateleza nje yanamlowesha mapaja. Akarudia, mambo yakawa yale yale. Akarudia tena, safari hii amesokota kwa hasira, ikawa mbaya zaidi.

Akasimama, akavaa ndara.

"Unakwenda wapi?" dada akauliza.

"Dukani. Kununua kiberiti."

"Tangu lini birika likawashwa kwa kiberiti?"

Hakumtazama. "Moja tu, mama. Kesho asubuhi nitaoga."

Hapo mimi niliogopa. Duka la pale kona linauza sigara mojamoja, na sote watatu tulijua kwamba hiyo moja haitakuwa moja.

Dada alisimama mlangoni na jiko lake kifuani, mikono imejaa masizi. "Kaa chini. Hebu nione hiyo pamba."

Aliichomoa kwa kibano, akaibonyeza, akaanza kucheka. "Mume wangu, huu ni uzi."

"Ni pamba!"

"Ilikuwa pamba. Uzi unashika, utambi unakunywa. Unajua nimekupikia kwa tambi za jiko hili miaka mingapi? Nikizibana kwenye mirija yake mafuta hayapandi, zinaungua vichwa. Nikizilegeza mno jiko linatoa masizi. Utambi unatakiwa upite kwenye tundu lake ukijikwaruza kidogo, basi."

"Na kule kulamba je?" niliuliza.

"Akalambe nyuzi za wateja."

Alinawa, akamega pamba mpya, akaichana kwa vidole nyuzi zikalala upande mmoja. Akakaza ncha ndogo tu ya kupitia kwenye koili, na ilipotokea upande wa pili akaikata. Nyuzi zilizobaki akaziacha zimelegea. Shemeji akadondosha maji, tone likapotea. Jingine, likapotea. Pamba ilikuwa inakunywa mbele ya macho yetu. Akavuta, ukamtoka mvuke mweupe wa vanila, na uso wote ukafunguka.

"Mke wangu!" Alimnyanyua dada na jiko lake, akamzungusha uani, mafuta yanamwagika.

"Nishushe! Hiyo takataka yako siipendi hata leo," dada akasema anahema kwa kicheko. "Namtengenezea mjukuu wangu babu."

Pamba iliyobaki shemeji aliichana yote, akaifunga kwenye kitambaa cheupe na kuiweka juu ya kabati. Akatutangazia kwamba ni ya utambi, unaobadilishwa kila siku, asiiguse mtu.

Jumamosi binti akaja. Shemeji alikuwa amesimama sebuleni na shati lake jipya kama anayengoja kupigwa picha. Mtoto hakupewa. Kwanza binti alimnusa kola, akamnusa nywele, akanusa hata futi ya kupimia iliyoning'inia shingoni. Kisha akashika vidole, kimoja kimoja, kwa sababu vidole vya mvutaji havifichi siri. Dada alinifinya mkono mpaka ukafa ganzi.

"Baba," binti akasema, "unanuka keki."

Akamweka mtoto mikononi mwake. Shemeji aliketi polepole, machozi yakamwanguka kwenye kile kishati chenye mfuko alichovaa mtoto.

"Shemeji, birika linavuja," nikamwambia. Tukavunjika mbavu, naye akacheka huku analia. Na mimi nililia, sina haja ya kuficha.

Kishindo cha vicheko kikamfanya mtoto acheue maziwa, yakashuka kidevuni hadi kwenye mikunjo ya shingo. Binti akapekua mkoba wake. "Pamba nimeisahau. Humu ndani hamna pamba safi?"

Mimi na dada tukatazamana.

"Shemeji," Birika akaniambia bila kuinua macho, "niletee ile ya juu ya kabati."

"Ile ya utambi? Na kesho utavuta nini?"

"Ilete yote."

Nikaleta. Alimega kipande, hakukilamba, hakukisokota, akamfuta mjukuu wake kidevu.