Pipa Ndani ya Samadi

Mke wangu ndiye aliyempelekea chifu habari. Naliweka jambo hili mbele kabisa ili msomaji asikae akitafuta jirani mwenye wivu. Hakuna jirani. Alikwenda mwenyewe, kwa miguu, amevaa viatu vya kanisani, akasema: mzee wangu anapika pombe.

Halikuwa neno jepesi kwake. Kijana wetu wa pili aliuawa na pombe ya vichakani. Alikunywa jioni, asubuhi akaamka akipapasa ukuta, akauliza mbona hatujafungua dirisha. Dirisha lilikuwa wazi. Kabla jua halijazama tulikuwa tunamtafutia sanduku. Tangu hapo, harufu ya kangara, ule mchanganyiko mchachu wa unga ambao huchemshwa kutoa chang'aa, pombe kali ya haramu, ikipita kwetu hata kwa upepo, mke wangu huacha alichoshika na kusimama. Na mimi ndiye niliyesimama katika baraza nikasema mtu akipatikana na pipa la kangara atoke katika kijiji hiki, awe mzee wa kanisa, awe ndugu yangu wa tumbo moja. Watu walinipigia makofi.

Sasa pipa lilikuwa kwangu.

Mimi nilitoka shule darasa la tatu na sikurudi. Nimepasua mawe machimboni tangu mikono yangu ikiwa laini. Kila kitu katika boma hili kilitoka kwa nyundo yangu: nyumba, ng'ombe, na bwawa lililoko chini ya shamba. Bwawa nililichimba kwa jembe na toroli, hapa juu ya Endarasha, ambako mvua ikikosa inakosa kweli. Nililichimba kwa sababu ya ng'ombe na kabeji. Samaki walikuja wenyewe, niseme hivyo. Mtu fulani alishindwa kulisha vifaranga wake wa kambare, akawamwaga humo bila kuniuliza, wakakaa ndani ya tope wakinenepa.

Sisi hatukulelewa kwa kula samaki. Mama yangu aliwaita nyoka wa maji. Na kambare ndiye anayeogopwa zaidi, kwa kuwa hana magamba na ana sharubu. Mke wangu aliniambia siku tuliyomaliza kujenga jiko lake kwamba sufuria ikiingia samaki, yeye hataigusa tena. Nikasema sawa. Jiko ni lake.

Aliyenitia katika mambo haya ni fundi wa mawe kutoka pande za ziwa, aliyekuja kujenga madarasa ya shule iliyo karibu. Jumapili moja nilimkuta amekaa juu ya tuta la bwawa langu, ana ndoana. Nilimwendea nikiwa nimejiandaa kumfukuza.

"Mzee wangu," akasema kabla sijafungua mdomo, "hapa ndani kuna kambare wanene kama mguu wako."

"Na mbona hujashika hata mmoja?"

"Hawajui kama niko. Kambare haoni vizuri, mzee. Anaitwa kwa harufu."

Basi akanionyesha. Unachukua mahindi makavu, mazima, yasiyopitia kwa posho mill kusagwa unga. Unayaloweka kwa maji ya mvua, unafunika, unayaacha mpaka yachache na kunuka hadi mtu mwenyewe ageuze uso. Halafu unayatupa mahali pamoja penye kivuli, nao wanakuja. Yeye alikuwa na mkebe wake kando ya jiko la pale mjengoni, palipo na moto kila siku. Kwa mkebe huo alivua mmoja, tukamkaanga kwake. Nilikula. Sitadanganya, nilikula mpaka nikalamba mfupa. Nilipokuwa nikirudi nyumbani nilitafuna majani ya mlimau njia nzima ili mke wangu asinuse kitu.

Mlevi naye hutafuna nini akirudi nyumbani? Sikujiuliza.

Nikataka pipa langu mwenyewe. Lakini huku ni baridi. Mahindi yalikaa ndani ya maji kama kokoto za mto, hayanuki, hayalainiki. Hapo nikatumia akili yangu. Nyuma ya banda la zamani la ndama nina lundo la samadi, na samadi ina joto lake. Asubuhi ya umande ukitia mkono ndani, unautoa ukifuka moshi. Nikachimba katikati ya lundo, nikashusha pipa hadi shingoni, nikafunika kwa gunia, nikarudishia samadi juu.

Na kila mtu wa huku anajua nani hufukia pipa ndani ya samadi. Wapishi wa kangara. Wanatafuta joto lile lile, na chifu akiingia boma la mtu, hapo ndipo anapochomeka fimbo kwanza. Nililijua hilo na bado nikafukia, maana nilijua kilicho ndani. Wengine wanaliona gunia tu.

Harufu ilipoanza kutoka, mke wangu hakuniuliza. Chai aliiweka mezani akaondoka. Nikiongea hakunitazama machoni, alinitazama mdomoni. Nilidhani ni goti lake limeanza tena. Fundi naye kazi yake ilikwisha, akahamia Nanyuki, na sikuwa na mtu mwingine wa kunisemea.

Walikuja asubuhi tulipomaliza kukamua: chifu, askari wawili wa utawala, na nyuma yao kijiji kizima, kwa kuwa gari la chifu likipanda njia yetu haliji peke yake. Chifu hakuketi.

"Mzee, sitaki maneno mingi. Uko na nini hapo nyuma?"

"Mahindi."

"Mahindi inalala kwa samadi?"

Watu wakacheka. Askari mmoja akaenda moja kwa moja, akachomeka fimbo, ikagonga. Walipovuta gunia na kufungua kifuniko, pipa lilipumua kwa sauti, na povu jeupe likapanda likamwagika ubavuni. Nilisikia watu wote wakivuta pumzi. Hata mimi, mwenye pipa, niliona ni kangara.

"Chifu," nikasema, "kangara ni unga. Angalia vizuri. Hii ni punje nzima. Ni chakula ya samaki."

"Watu wamebadilisha mapishi, mzee. Mwaka huu nimeona ya viazi."

"Kambare wako kwa bwawa yangu. Nawaitia hii."

"Ati samaki!" mtu akapaza sauti kule nyuma. "Huyu tangu lini anakula samaki?"

"Ndiyo kitoweo ya pombe!" mwingine akajibu, na kicheko kikazunguka boma.

Chifu hakucheka. Akanisogelea, akasema polepole, lakini kila mtu alisikia: "Wewe ndiye ulisimama kwa baraza, mzee. Nikikuacha leo, kesho nitashika nani?"

Alisema kweli. Nikamwambia anipe karai moja tu ya mahindi yale, pipa libaki kwa gari lake kama ushahidi, tushuke wote bwawani. Wakija samaki, aniache. Wasipokuja, nitapanda gari bila kusukumwa.

Akatazama saa. Akatazama jua. "Twende," akasema. "Lakini sitalala huko."

Njiani ndipo nilipokumbuka jua. Kambare wa jua kali hulala topeni, fundi aliniambia hivyo mara nyingi. Yule mmoja tulimvua jua likishuka. Na bwawa langu lilikuwa halijawahi kutupiwa hata punje ya pipa hili. Nilikuwa nakwenda kuwaita watu wasionijua, saa ambayo hawatoki nyumbani.

Nilipachagua mahali pale pale pa fundi, chini ya matete mahali mtaro unapoingilia, kwenye kivuli chembamba. Nikatupa mahindi kwa viganja. Yalizama. Maji yakatulia.

Tukasimama. Nilitundika utumbo wa kuku kwenye ndoana aliyoniachia fundi, nikaitupa hapo hapo, kamba nikaifunga mkononi. Hakuna kitu. Bata wangu wakaja, wakaona hapana kitu cha kuelea, wakaenda zao. Kule juu ya tuta wakaanza.

"Samaki wa mzee wamelewa, wamelala!"

"Mwite kwa jina, labda ataitika!"

Chifu akachezea funguo za gari. Mwishowe akageuka, hakunigeukia mimi. Alimgeukia mke wangu, ambaye alikuwa ameshuka mpaka ukingoni, shuka limekunjwa begani.

"Mama, ni wewe ulikuja kwangu. Sasa tungoje mpaka lini?"

Hapo ndipo nilipojua. Nikamtazama. Hakunitazama. Macho yake yalikuwa majini, na mdomo wake umekazwa kama siku ile tuliyorudi kutoka makaburini.

"Tungoje," akasema.

Tukangoja. Sijui muda gani. Najua kamba ilikuwa imenikata kidole na sikusikia.

Yeye ndiye aliyeona kwanza. "Ile ni nini?" akauliza, kwa sauti ndogo, akinyoosha kidole. Maji kando ya matete yalikuwa yamechafuka, wingu la tope linapanda kutoka chini. Kisha mapovu. Kisha kichwa kipana, cheusi, kimebapa kama mwiko, kikatoa sharubu juu ya maji, kikavuta hewa na kuzama. Kikaja kingine. Chini yao maji yalisukasuka kama sufuria ya githeri inayotaka kuchemka.

Kamba ikanyooka ghafla ikanivuta goti moja majini. Askari alinishika mkanda. Tulipomtoa yule kambare nje akajinyonganyonga nyasini, watu walikimbia juu ya tuta wakipiga kelele nyoka, nyoka, na wa kwanza kukimbia alikuwa yule wa kitoweo.

"Teremsheni pipa ya mzee," chifu akawaambia askari. Halafu akaniambia: "Na usilirudishe kwa samadi. Utaniua na kazi."

Walipoondoka, mke wangu alichutama kando ya karai. Akachukua punje zilizobaki, akazinusa, akaweka moja ulimini, akatema.

"Hii ni ya uji," akasema. "Ni kama uji ya mama ikichacha."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukuniambia ni samaki?"

"Ungesema nini?"

"Ningekataa." Akapangusa mkono kwa nyasi. "Lakini ningelala."

Sikumuuliza kwa nini hakuja kwangu kabla ya kwenda kwa chifu. Mama aliyezika mtoto wake kwa sababu ya pombe hapaswi kumbembeleza mtu kwanza. Mimi nilisema maneno hayo barazani. Yeye aliyatenda.

Sasa pipa liko mlangoni pa jiko, upande wa ukuta wenye moto, halina gunia. Linachacha polepole kuliko kwenye samadi, lakini linachacha. Mke wangu hajala samaki na hatakula; mimi napika nje, kwa sufuria yangu. Lakini kila asubuhi, kabla hajawasha moto, nasikia kifuniko kikifunguliwa. Anainama, ananusa, anafunika, ndipo anachukua kiberiti.

Mimi hukaa kitandani mpaka amalize.