Mke Wangu Ananiambia Nimchagulie Titi

Wanaukurasa, nawasalimu wote, na wakubwa zangu shikamooni. Admin, jina langu libaki kwako, maana Masasi ni ndogo na mashemeji zangu wote wana simu za tachi. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na mbili, Mmakua, mkulima wa korosho upande wa Lukuledi. Mke wangu ana thelathini na nane, Mmakonde wa Newala. Tuna watoto wawili, mkubwa tumwite Zuhura, jina nimelibadilisha.

Mwaka juzi mke wangu aliugua saratani ya titi. Akatolewa titi la kushoto, akawekewa dawa za mshipa, akapigwa mionzi, na kwa uwezo wa Mungu akapona. Nilimuuguza, siwezi kujisingizia ubaya nisioufanya. Nilipika, nilifua, nilimwogesha mpaka akaweza mwenyewe. Nywele zikaota, akarudi shambani, akajishonea kifuko cha sufi cha kuweka ndani ya sidiria. Dada yake alipomuuliza kama hajisikii vibaya, akamjibu, "Lile limenyonyesha wawili, kazi yake limemaliza. Mimi nashukuru nipo." Nilisikia mwenyewe, na alikuwa ametulia kabisa.

Aliyeharibu ni mimi na huu mdomo wangu. Tulikwenda Newala kwenye arobaini ya mjomba wake. Mnajua huku kwetu, Wamakua na Wamakonde ni watani, na juu ya hapo wale ni mashemeji zangu, kwa hiyo nilipofika tu nikapokelewa kwa maneno. Dua ikaisha, tukakaa kwenye mkeka kula. Shemeji mmoja akasema mahari niliyotoa haikutosha hata kununua mbuzi mwenye afya. Watu wakacheka. Mimi nikiona watu wanacheka siwezi kunyamaza, ndiyo ugonjwa wangu. Nikamjibu, "Mahari nilitoa ya mke mzima. Leo mmenibakizia nusu, nirudishieni chenji yangu."

Jamani, watu walicheka mpaka wengine wakapaliwa na pilau. Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu na sinia mkononi. Naye akacheka. Akasema, "Huyu Mmakua atadai mpaka kaburini," akaweka sinia, akaondoka. Na angefanya nini? Utani haununiwi. Ukinuna wewe ndiye mwenye kosa, tena msibani kabisa. Njiani kurudi Masasi alikuwa anazungumzia bei ya viazi, nami nikajiambia yameisha.

Hayakuisha. Alipokwenda kliniki akamuuliza nesi kama titi linaweza kutengenezwa upya. Mimi sikuwa nimewahi kumsikia akilitaja jambo hilo. Tukapewa rufaa hospitali kubwa, na daktari, mama mmoja mpole sana, akatuelekeza taratibu. Akasema upo mfuko laini wa silikoni unaowekwa chini ya ngozi, lakini kwa kuwa kifua kilishapigwa mionzi, unaweza kuleta matatizo zaidi. Ipo njia ya kuchukua nyama na mafuta ya tumboni, na ukipona linakuwa kama titi, ila tumbo linapasuliwa nyonga hadi nyonga, na miezi kadhaa hakuna kubeba ndoo wala kushika jembe. Na ipo ya kuchukua msuli wa mgongoni, na huo mgongo ndio anaolimia. Mwisho akasema, "Na kutofanya lolote nako ni kuchagua, mama. Usisukumwe na mtu." Mke wangu akaitikia kwa kichwa. Mimi nilikuwa natazama sakafu.

Tuliporudi nyumbani nikajikaza. Tulikuwa uani tunachambua korosho, nikamwambia, "Mama Zuhura, kwa nini ujipasue tena? Mimi nakupenda hivyo hivyo ulivyo." Akaendelea kuchambua. Halafu akaniuliza bila hasira, "Sasa Baba Zuhura, mbona tangu nitolewe hujawahi kuniwekea mkono pale?"

Ni kweli. Hata nilipokuwa namwogesha, nikifika kifuani nilikuwa nampa kitambaa ajimalizie mwenyewe, najifanya naogopa kumuumiza. Kidonda kilipona, na mkono wangu bado ulikuwa unapita mbali. Ndugu zangu, sijui kama ni woga au ni nini, nimejichunguza nimeshindwa. Ninachojua ni kwamba yale maneno ya Newala hayakuwa utani mtupu, na yeye alilijua hilo kabla yangu.

Tangu hapo kuomba radhi kunanishinda. Nitaombaje radhi ya utani? Nikisema "nisamehe", nakiri kwamba nilimaanisha. Nikinyamaza, anakwenda kupasuliwa tumbo zima kwa ajili ya mdomo wangu. Nikimkataza, ataona sitaki hata atengenezwe, nimeshakata tamaa naye. Nilimwambia rafiki yangu mmoja, akaniambia, "Mwache afanye, si unapata mke mpya." Tangu siku hiyo namkwepa.

Wiki ijayo tunarudi kwa daktari kutoa jibu. Jana mke wangu ameniuliza kama nimeshachagua. Nikamwambia mwili ni wake, achague yeye. Akatabasamu kidogo akasema, "Chagua wewe litakalokupendeza. Mimi nitalizoea."

Dada zangu mliokatwa titi, na nyie wanaume mnaoishi nao, nitukaneni kwanza kama mnataka, nastahili. Mkimaliza mnisaidie: naanzia wapi kumwambia mke wangu kwamba mwenye kasoro ndani ya nyumba hii ni mimi, kabla hajapasuliwa yeye?