Darasa Lililofungwa kwa Nje

Jumamosi ile ya mwaka 2019 ilianza kwa ugomvi wa satini. Nilikuwa nimeshona mavazi ya darasa la mume wangu kwa mabaki ya gauni la bibi harusi, na wasichana watatu walitaka vazi lilelile. Sisi ni watu wa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Kule mume wangu, Ombeni, alifundisha historia. Hapa Johannesburg alikuwa mlinzi, na Jumamosi aliwakusanya watoto wa Wakongo kwenye ukumbi wa kanisa letu Malvern, duka la zamani lenye mlango mmoja tu, wa chuma wa kushusha, jirani na Mtaa wa Jules.

Somo lilikuwa utawala wa Wahispania katika nchi za Amerika. Ombeni hakupenda kuandika ubaoni tu. Alitaka watoto waketi ndani ya historia yenyewe. Benchi la mbele aliwaweka waliozaliwa Uhispania, wenye vyeo vyote. La pili, watoto wa Wahispania waliozaliwa kulekule Amerika, wenye mashamba na manung'uniko. Kisha machotara. Kisha wenyeji, waliotolewa vijijini mwao na kupangwa katika miji mipya kuzunguka kanisa, ili iwe rahisi kuwatoza kodi na kuwapeleka kwa zamu kwenye migodi ya fedha. Nyuma kabisa, Waafrika walioletwa utumwani.

"Na hariri alivaa nani?" nilimuuliza, nikiwa na pini mdomoni.

"Sheria ilikataza banamuke beusi hariri na lulu," alisema. "Lakini balivaa tu, Mama Neema. Bakubwa balibakia kulalamika."

Nilicheka hadi pini zikaanguka. Satini nikamvika binti yetu Neema, aliyepangwa benchi la nyuma. Mwalimu akatikisa kichwa tu. Alijua akibisha atalala njaa.

Ndipo tukasikia vioo vikivunjwa.

Maduka ya wageni yalikuwa yakibomolewa kwenye Mtaa wa Jules. Niliona moshi, kisha wanaume wenye marungu na mapanga. Magazeti baadaye yaliyaita fujo. Mimi nilikimbia vita Kivu, najua vinavyonuka, na vile vilikuwa vita.

Ukumbi wetu haukuwa na cha kuibwa. Ungeonekana mtupu, wangeupita. Lakini mlango uliofungwa bila kufuli nje ulimaanisha watu wamo ndani, na mlango wa namna hiyo wangeumwagia petroli. Kwa hiyo mtu mmoja ilimpasa afunge kufuli kwa nje na abaki barabarani, na akiulizwa ajibu kwa Kizulu kama mwenyeji.

Nilishika kufuli. Ombeni akaninyang'anya.

"Kizulu yako ni mubaya kupita yangu. Bakia na batoto."

"Na yako?"

"Yangu itanifikisha ku robot," alisema, yaani kwenye taa za barabarani pale kona.

Akashusha mlango. Giza likaingia.

Kufuli likalia kwa nje.

Nyumbani kwetu kulikuwa upande wa kushoto. Hatua zake zilikwenda kulia, kwenye kelele, bila haraka, ili asionekane mtu aliyeacha kitu nyuma.

Niliwalaza watoto sakafuni, wote tisa. Mmoja alianza kulia, nami nikaendelea na somo kwa kunong'ona, maana sikuwa na kingine. Niliwaambia wenyeji wa milimani walikatazwa miungu yao, wakaamriwa kuishi kigeni, lakini jikoni waliendelea kusema lugha zao, na wanazisema mpaka leo.

"Mama," Neema alinong'ona, "sisi tuko benchi gani?"

"Hapa hakuna benchi. Sote tuko sakafuni. Lala."

Rungu likagonga mlango.

Mtu akatikisa kufuli. Neema alinibana mkono. Sauti ya nje ikasema kwa Kizulu kwamba hakuna mtu.

Wakapita.

Jioni mchungaji wetu alikata kufuli kwa msumeno, na nilipoona amekuja na msumeno badala ya ufunguo, nilijua. Ombeni alikuwa pale kwenye robot. Mama mmoja mzaliwa wa hapa, muuza maandazi, alikuwa amemfunika kwa shuka lake na kukaa naye barabarani. Aliniambia walimkamata wakamuuliza wenzake wamejificha wapi. Alijibu kwamba yuko peke yake. Walimpekua, ufunguo alikuwa ameshautupa. Walimuuliza tena kwa panga, naye akajibu vilevile.

Hakuna aliyeshtakiwa. Polisi walinipa pole, nami sikuwa na mahali pa kuiweka. Tulimzika hapa, kwa kuwa kumrudisha Bukavu kulitushinda, na Wazulu majirani zetu walichimba kaburi pamoja na Wakongo.

Wazazi wa wale watoto huniambia, kwa nia njema, kwamba mmoja alikwenda ili tisa wabaki. Mimi sipimi hivyo. Tisa ni tisa, na Ombeni ni Ombeni. Najivunia mume wangu, tena sana. Napita Mtaa wa Jules kifua mbele, na anayetaka kunitazama anitazame. Halafu nafika nyumbani, nateleka sufuria ya ugali wangu na wa Neema, na mkono wangu, miaka yote hii, bado unamimina maji ya watu watatu.